Nipe Mji, Nikupe Ndege

Picha zilikuja nyumbani ndani ya mfuko wa simenti. Mume wa mama alizileta siku ya Jumamosi, akauweka mfuko kibarazani, akanawa mikono kwa sabuni ya unga kwa sababu ilikuwa na kutu hadi viwikoni, ndipo akaufungua. Alifanya kazi kwenye yadi ya skrepu upande wa Miritini. Kazi yake ilikuwa kukata vyuma na kuvitenga: chuma huku, shaba huku, alumini huku. Wiki ile walikuwa wameletewa kabati la chuma kutoka karakana moja ya zamani karibu na uwanja wa ndege, na droo yake ya chini ilikuwa imekwama. Alipoipasua akakuta picha. Mwenye yadi akamwambia hapa karatasi hainunuliwi, achome. Yeye akatafuta mfuko.

Zilikuwa picha za ndege. Nyingi nyeusi na nyeupe, chache za rangi iliyopauka ikawa kama chai ya maziwa. Hapakuwa na harusi, wala mtoto, wala mtu aliyesimama studio ameshika kiti. Ndege tu, tena za zamani sana, ambazo hata sisi tunaokaa chini ya njia ya ndege hatujapata kuziona. Tunakaa Changamwe, upande wa Port Reitz. Ndege zinatupitia juu ya paa zikiwa zimeshusha magurudumu, na mtu akiwa katikati ya neno hunyamaza, ndege ikapita, akaendelea na neno lake palepale. Wageni hutucheka. Sisi wenyewe hatujui kama tunafanya hivyo.

Mama alizitazama zile picha huku akikuna nazi.

"Ndege za juu ya paa hazijakutosha," akasema, "umeona ulete na za mfukoni."

"Hizi hazina kelele," mumewe akajibu.

Nyuma ya picha nyingi palikuwa na jina la ndege, limeandikwa kwa penseli kwa herufi kubwa. Hatukujua ni nani aliyeandika. Labda fundi fulani aliyependa kazi yake. Picha nyingine hazikuwa na kitu nyuma, karatasi tupu tu yenye madoa.

Wakati huo mume wa mama alikuwa ameishi nasi karibu mwaka mzima, na mimi bado sikuwa na jina la kumwita. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Mama alinilea kwa viazi karai, akikaanga kwenye meza yake kando ya barabara, mimi nikimenya na kutwanga pilipili. Nilipomaliza darasa la nane nikabaki naye mezani. Sikuwa msemaji tangu utotoni. Wateja walifikiri mama ameajiri bubu. Halafu huyu mtu akawa anakuja kila jioni kununua viazi, anakula amesimama, anasifu ukwaju, anaondoka. Baada ya muda akawa anakula ameketi. Baada ya muda tena wakafunga ndoa kanisani, bila vigelegele vingi, akahamia kwetu na godoro na radio.

Mama alitaka nimwite baba. Hakunilazimisha, ila alinitazama kila niliponyamaza pale ambapo neno lile lingekaa. Nami neno halikutoka. Sikumchukia. Alikuwa mtu mpole, anakohoa kabla ya kuingia ili asitushtue. Lakini lile neno lilikuwa la mtu mwingine, na kumwita jina lake singeweza, ni utovu wa adabu. Nikajifunza kuunda maneno yasiyo na mtu ndani yake. "Chakula tayari," nasema, uso nimeuelekeza ukutani. "Maji ya kuoga yamechemka." Asubuhi ilikuwa rahisi, kwa sababu shikamoo inatosha peke yake. Taabu ilikuwa akiwa mbali. Akiwa barabarani anapiga soga na watu wa bodaboda, na mama amenituma nimwite, nilikuwa natembea mpaka mbele yake kabisa, nasimama hapo kama mtu aliye kwenye foleni, hadi anione mwenyewe.

Basi Jumamosi ile, picha zimetandazwa mkekani, akachukua moja, akaisoma nyuma kimoyomoyo, akaigeuza kunielekea.

"Kitendawili," akasema.

Nikatazama chini.

"We, unategewa," mama akaniambia kutoka jikoni. "Jibu."

"Tega," nikasema.

"Ana mabawa mawili juu na mawili chini, na miguu amevaa suruali."

Nikaitazama picha. Ilikuwa ndege ndogo yenye mabawa mawili mawili yaliyounganishwa kwa vijiti na waya, kama kitanda cha kamba kilichosimamishwa. Na kweli, magurudumu yake yalikuwa yamefunikwa juu kwa kitu kama kaptura. Nilikaribia kucheka.

"Sijui."

"Basi nipe mji."

Hivyo ndivyo ilivyo kwa vitendawili. Aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega huuchukua, huenda huko kwa maneno, hula na kunywa na kusalimiwa, kisha hurudi na jibu. Shuleni tulikuwa tunaicheza mvua ikinyesha.

"Nakupa Nairobi," nikasema.

Akafumba macho. "Nimekwenda Nairobi. Nimekuta baridi. Nimeuliza njia kwa watu wengi, wote wana haraka, wananijibu wameshanipita. Nimekula chapati nimesimama. Nimerudi na mafua. Na ndege huyu ni..." Akageuza picha, akasoma polepole, akifuata herufi kwa kidole kilichopasuka. "Rapide."

Hatukujua linatamkwaje. Mama akasema ni Rapidi, na kwetu ikabaki Rapidi.

Toka siku ile tulicheza karibu kila jioni kabla giza halijaingia, viazi vya kesho vikiwa vinamenywa. Hakuwa mjuzi wa ndege. Mara nyingi mimi nilipotega yeye alikuwa akibahatisha ovyo, tena kwa kujiamini. Jirani mmoja alisema simu yake ingetuambia jina la kila ndege kwa kuipiga picha tu, mume wa mama akamshukuru, akamwambia asijisumbue. "Ukishaambiwa," alisema, "utabaki na nini cha kutazama?"

Tukajifunza kutazama. Kwanza mabawa: yako juu ya mgongo au chini ya tumbo? Kisha injini, ngapi, na zimekaa wapi. Kisha mkia. Kulikuwa na ndege zinazokaa kitako, gurudumu dogo liko nyuma, pua inatazama mbinguni, na kulikuwa na zile zinazosimama sawa kama meza. Kulikuwa na moja yenye mikia mitatu, nyuma palisomeka Twin Pioneer, na mama, aliyekuwa anajifanya hachezi, akaiita Tuini Payonia na kusema inafanana na uma wa kulia wali. Nyingine ilikuwa na pua nene iliyofunguka katikati kama mlango wa kabati, gari zima linaingizwa ndani. Kitendawili cha hiyo kilikuwa: "Amepanua mdomo, na dereva amekaa juu ya paji la uso." Ile niliitambua mara ya pili tu, kwa sababu nani angesahau.

Jambo moja lilinisumbua. Yeye kila ndege aliiita huyu. Ndege huyu anakaa kitako. Ndege huyu amechoka. Nilivumilia wiki nzima, kisha nikasema, macho yangu kwenye kiazi, "Ndege wa mtini ndiye huyu. Ya chuma ni hii. Mwalimu alisema."

"Mwalimu wako amewahi kumkata mmoja?"

"Hapana."

"Mimi nimewakata. Waliletwa vipande vipande, bawa, mkia, kiti cha rubani. Ukiingiza msumeno ubavuni unakuta mishipa ya waya, rangi rangi, imefungwa vizuri na mtu aliyejua anafanya nini. Siku ile nilirudi nyumbani nikasema leo nimechinja." Akakohoa. "Basi niache na huyu wangu."

"Na alumini yenyewe ilikwenda wapi?" mama akauliza.

"Kwa watu wa masufuria."

Mama akatazama sufuria iliyokuwa jikoni, kubwa, nzito, ya kienyeji, aliyoinunua sokoni kwa fundi wa kuyeyusha. Akaigonga kwa mwiko.

"Kwa hivyo leo tunakula ubawa," akasema.

Nilicheka kwa sauti. Wote wawili wakanitazama, kisha wakajifanya hawakunitazama.

Yeye alipokuwa akishindwa, nilimwambia anipe mji, na hapo tukagombana, kama ule ulikuwa ugomvi. Mimi nilitoa miji ya maana: Kisumu, Lamu, Zanzibar, siku moja nikatoa London. Yeye alinipa vitu vya ajabu.

"Nakupa mji wa shangazi yangu."

"Huo uko wapi?"

"Ukitoka Kaloleni unashuka bondeni, unapita kisima, unauona."

"Huo ni mji?"

"Ni mji. Una nyumba tatu na zizi la mbuzi."

"Hizo ni nyumba za watu," nikasema. "Mji ni Nakuru. Mji ni Malindi. Mji una barabara na benki."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Mama kwao ni bara, na mimi nimezaliwa Changamwe nikakulia Changamwe. Kiswahili changu ni cha shule na cha meza ya viazi. Yeye alikuja nacho kutoka kwenye lugha ya kwao, ambamo mji ni boma la ukoo.

"Kwetu," akasema taratibu, "mji ni pale unapoingia bila kuitwa, na mtu akakuuliza umekula. Hiyo benki itakuuliza umekula?"

"Chukua huo huo," mama akaniamulia. "Nenda kwa shangazi yake, ule mbuzi, urudi na jibu."

Nikaenda. Nilisema, "Nimekwenda mji wa shangazi. Nimekuta mbuzi amekimbia. Nimekunywa maji ya kisima. Ndege hii ni Beaver." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema maneno mengi hivyo mfululizo mbele yake. Kwa muda uliofuata nikatembea miji ya ukoo wake mzima: kwa mjomba aliyefuga nyuki, kwa bibi aliyeuza tembo la mnazi na kuimba kwaya, kwa kaka yake mkubwa aliyeishi kwenye mji wa baba yao penye minazi mingi. Nikaifahamu bila kuiona.

Picha zisizo na jina nyuma tuliziweka kando. Yeye alikuwa akiziita mabubu. Siku ya kwanza alipolitamka neno hilo mama alimkazia jicho, maana ndilo wateja walilokuwa wakiniita mimi. Akatambua, akaona haya, akakuna kichwa.

"Bubu si mjinga," akasema, akizipanga vizuri. "Bubu ana jina lake. Ni sisi tu hatujaambiwa."

Na hivyo, bila kukusudia, nikapata namna ya kumwita. Mama aliniambia siku moja nimwite aje ale, naye alikuwa kule kwa watu wa bodaboda. Nilifika kwenye kona, nikaona niko mbali bado, na watu ni wengi, na miguu ikakataa kwenda mbele. Nikasema, si kwa kelele sana, "Kitendawili."

Aligeuka papo hapo. "Tega!"

"Ni cheupe, kiko kwenye sahani, kinapoa."

"Ugali!" akasema, akaaga watu, akaja. Watu wa bodaboda waliniangalia kama mtu aliyepagawa. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa namwita hivyo mlangoni, chooni, barabarani. Kitendawili, tega. Watu wa ploti walizoea. Mama naye niliona ameacha kunitazama kwa ule mtazamo wake.

Halafu kaka yake mkubwa akafariki, yule wa mji wenye minazi. Mume wa mama alikwenda mazishini, akakaa huko, akarudi amekonda na ndevu zimechipuka. Baada ya hapo simu zikawa zinapigwa kutoka kwao kila wiki. Watoto wa marehemu walikuwa wamesambaa, mmoja anafanya kazi Mtwapa, wengine mbali zaidi, na ukoo ulitaka yeye arudi akaushike ule mji usije ukafa. Mama asingeweza kwenda. Meza yake ilikuwa hapa, wateja wake hapa, na kaburi la baba yangu liko hapa. Sote tulielewa kwamba akienda ameenda.

Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba namenya viazi, nao walikuwa ndani, dirisha limefunguliwa kwa ajili ya joto.

"Wanasema nikakae kwangu," alisema.

"Na hapa si kwako?" mama akauliza.

Ndege ikapita. Walingoja, nami nikangoja, kisu kimesimama.

"Hapa nina mke," akasema ilipokwisha kupita. "Nina mahali pa kuweka kichwa, na nashukuru. Lakini mji sina. Mtu huwezi kujiambia mwenyewe kwamba hapa ni mji wako. Unaambiwa."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wako na marehemu mumeo. Hajaniita, na simlaumu. Mtoto hafungwi kamba mdomoni akavutwa." Akakohoa. "Nitawajibu baada ya Jumapili."

Nilimsikia mama anafungua na kufunga kabati ambalo halikuwa na haja ya kufunguliwa.

Mtu mwingine asiyecheza mchezo wetu angesikia mji na kufikiria ardhi na minazi. Mimi nilijua anasema nini. Nilibishana naye juu ya neno lile wiki nyingi. Nilibaki pale na kiazi mkononi, na nilitaka kuingia ndani niseme baki. Ni neno dogo, silabi mbili. Nikafika hadi mlangoni, nikaona mgongo wake, nikasema, "Viazi vimekwisha," ingawa gunia lilikuwa bado nusu.

Jumapili tulikwenda kanisani, tukarudi, tukala. Mama akawasha jiko, maana Jumapili jioni watu hununua viazi sana, na mahubiri ya kupumzika hayakuwa yamemwingia. Mume wa mama akakaa mkekani, hakuleta mfuko. Nikauleta mimi. Nikauweka mbele yake, nikakaa.

Alizipekua picha bila kuzitazama. Akatoa moja, akaniinulia.

"Kitendawili."

"Tega."

"Anakaa kitako, mabawa chini, injini mbili, na pua ameielekeza mbinguni kama anayemsubiri Bwana."

Ilikuwa Dakota. Nadhani aliichagua kwa sababu ilikuwa nyepesi, na hakuwa na nguvu ya mchezo mrefu. Dakota tulikuwa nazo nyingi kuliko zote mle mfukoni. Mama aliitambua akiwa amegeuka. Nilikuwa sijashindwa Dakota tangu mwezi wa kwanza wa mchezo.

"Sijui," nikasema.

Akaitazama picha, akanitazama mimi. "Huyu humjui?"

"Simjui."

"Mwangalie vizuri. Madirisha yake yale. Huyu si mgeni wako."

"Nimeshindwa."

Akashusha picha. "Haya. Nipe mji."

Nilikuwa nimepanga namna ya kulisema tangu kanisani, wakati wa mahubiri na wakati wa sadaka, nikabadilisha na kubadilisha. Nikaangalia vidole vyake, kile kilichopasuka, na gamba la kutu ambalo sabuni huwa hailitoi.

"Nakupa huu," nikasema.

"Upi?"

"Huu. Huu wa hapa." Nikagusa mkeka, kwa sababu sikujua niguse nini. "Uchukue."

Mafuta yalikuwa yakichemka jikoni na mama alikuwa ameacha kuyakoroga. Mume wa mama aliilaza picha mkekani. Halafu akainuka. Nilifikiri amekasirika. Alivaa ndala zake, akavuka ua, akatoka kwenye lango la mabati, likafungwa nyuma yake. Nikamtazama mama. Mama naye akanitazama, mwiko umeinuliwa.

Lango likabishwa.

"Hodi," alisema nje.

Mama akashusha mwiko.

"Hodi wenyewe. Nimepewa mji, nimekuja kuutembelea."

"Karibu," mama akasema, na sauti yake haikuwa sawa.

Akaingia, akasimama pale penye kamba ya nguo, mikono nyuma, kama mgeni hasa.

"Nimekwenda huo mji niliopewa," akasema. "Nimekuta mwanamke anakaanga viazi siku ambayo mchungaji amesema apumzike. Nimekuta moshi. Nimekuta picha za ndege zimetupwa mkekani kama dagaa. Nimekuta binti, wanasema haongei." Akakohoa. "Haongei, lakini kudanganya anajua. Na ndege huyu..."

Hakuweza kumaliza. Alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Dakota," mama akamsaidia. "Hata mimi namjua. Njoo ukae, umekula?"

Alikuwa amekula nasi saa ile ile. Akasema hajala, akapewa viazi.

Usiku huo aliwapigia simu watu wa kwao. Alizungumza nje, kwa lugha yao, akitembea ukuta hadi ukuta. Sikuelewa neno, nikalala bila kujua.

Jibu lake halikuwapendeza, kwa sababu siku chache baadaye alikuja dada yake. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Mama yuko mezani, mumewe yuko yadi. Mwanamke mrefu, kitambaa kichwani, mfuko wa mihogo begani, aliingia langoni akiwa tayari anaongea.

"Hodi. Hapa ndipo? Nimeulizauliza mpaka miguu imevimba."

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba." Akautua mfuko, akatazama nyumba, kamba ya nguo, jiko, kama mtu aliyetumwa kuhesabu. "Nimemfuata ndugu yangu. Kule tumekubaliana nisirudi bila yeye. Mtu mzima hawezi kukaa kwa mwanamke Mombasa kama mpangaji, na kwao minazi inaangusha nazi bila mkwezi. Hana hata mtoto hapa. Yuko wapi?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Ningeweza kusema yuko kazini. Ningeweza kusema hayuko. Nilikuwa na maneno mengi yasiyo na mtu ndani yake, nimeyazoea, yalikuwa yamejipanga mdomoni tayari.

"Baba yuko yadi," nikasema. "Atarudi jioni."

Akageuka. "Baba yupi?"

"Ndugu yako."

Aliniangalia kuanzia miguu kwenda juu. Mimi nikaangalia mihogo. Mwishowe akavuta kigoda, akakaa, akafungua kitambaa na kujipepea.

"Hawakuniambia," akasema, zaidi kwa nafsi yake. "Walisema kuna mwanamke. Binti hawakusema." Kisha, kwa sauti nyingine: "Una chai?"

Nikampikia chai. Akanywa vikombe viwili, akaniuliza nina miaka mingapi, najua kukuna nazi, kwa nini nasema chini chini kama mtu aliye kwenye mtihani. Nikamjibu nilivyoweza. Aliona picha, akauliza ni za nini, nikamwonyesha ile ya mikia mitatu. Akasema dunia ina mambo.

Kaka yake aliporudi walikaa kibarazani wakaongea kwa lugha yao hadi mama alipofunga meza. Sauti ya dada ilipanda, ikashuka, ikapanda. Wakati fulani aliniashiria kwa kidevu na kusema kitu, na kaka akainamisha kichwa, akamwomba arudie. Akarudia. Kesho yake asubuhi alimsindikiza dada yake hadi stejini, na dada akapanda gari peke yake.

Jioni tulikaa kama kawaida. Mama alikuwa anamenya, beseni katikati ya miguu.

"Mmeamuaje?" akauliza bila kuinua uso.

"Kijana wa marehemu ataitwa kutoka Mtwapa, akaushike. Mimi nitakuwa nakwenda mwisho wa mwezi kumsaidia, narudi." Akanyoosha miguu mkekani. "Ila dada ameweka sharti. Anataka nikienda mara hii niende na binti yangu, wamwone. Anasema hatasadikiwa kwa maneno."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimesema siwezi kumjibia mtu aliye na mdomo wake."

Akanigeukia. Hakusema kitendawili, wala hakuinua picha. Alingoja tu, na juu ya paa, kwa bahati, hapakuwa na ndege yoyote ya kunisubirisha.

"Nitakuja, baba," nikasema.

Akaitika "Haya," kama mtu aliyeitwa hivyo maisha yake yote. Mama aliendelea kumenya. Alikuwa ameshika kiazi ambacho ameshakimaliza, akakimenya tena, akakimenya hadi kikawa kidogo kama gololi, ndipo akakiona na kukitia kwenye maji.